Fundo la Kumi na Nne

Kambi ya Mkonge, Korogwe
10 Machi 1974

Dada yangu Elina,

Leo ni Jumapili, tarehe kumi mwezi wa tatu. Tangu nilipopanda lori pale Kinampanda imekuwa miaka miwili na nusu kasoro siku mbili. Nimeihesabu kwenye kalenda ya duka la kambi kabla ya kukaa kuandika, maana najua ungeniuliza.

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo. Mkonge haukuachi ukae mzima. Tunaingia shambani umande ukiwa bado kwenye majani, tunakata, tunafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, tunayabeba hadi kwenye reli ya vitoroli vinavyokwenda kiwandani. Mwiba ulinichoma chini ya jicho mwezi uliopita. Jicho lipo. Chumbani naishi na Damiani, Mnyaturu wa Mungaa, mtu wa maneno mengi. Ananitania kuwa sisi Wanyiramba tulijifunza kuvaa viatu kutoka kwao. Nimemwambia viatu hivyo mbona yeye hana.

Dada, huku mvua inanyesha bila kunukia. Inanyesha tu. Kule kwetu ukisimama ukingoni mwa mlima, mvua ikiwa bado iko mbali mbugani Wembere, harufu yake inakufikia kabla yake, na mama anaanza kuita watu waingize matobolwa, viazi vya kuchemsha, yaliyoanikwa juu ya paa la tembe. Nimekula viazi vya huku, ni viazi, lakini havina jua ndani yake.

Nijulishe mama anaendeleaje na miguu yake. Dorkas yuko darasa la ngapi sasa? Na mdogo wake Hana bado anaogopa jogoo? Yule mbuzi mwenye pembe moja yupo? Mwambie mama Dorkas nimemsalimu.

Ndimi mdogo wako,
Naftali

Kinampanda
28 Aprili 1974

Mdogo wangu Naftali,

Marahaba. Barua yako ilifika na matope, nadhani ililala kwenye basi lililokwama. Mama mzima, miguu ndiyo ile. Dorkas yuko darasa la sita. Hana haogopi tena jogoo, tumemla. Chakula ni kidogo mwaka huu, mtama umekauka ukiwa na urefu wa goti, tunakula unga wa njano ulioletwa kwa meli kutoka nchi za nje. Mama anasema ni chakula cha farasi, lakini sahani anairudisha tupu.

Mbuzi mwenye pembe moja yupo. Amezaa pacha. Anakushukuru kwa salamu.

Naftali, umemsalimu mama, umewasalimu binti zako wawili, umemsalimu hata mbuzi. Mwanao wa kiume hukumsalimu. Nimezirudia barua zako zote, ziko saba tangu azaliwe, hakuna hata moja yenye neno juu yake. Tarehe 24 Mei anatimiza miaka miwili na hana jina. Unajua desturi ya nyumba yetu, mtoto wa kiume jina lake hutoka mdomoni mwa baba. Watu wamechoka kusubiri, wanamwita Mgeni. Akiitwa hivyo anaitika. Mwinjilisti ameuliza mara tatu atambatiza nani. Jina la marehemu baba lipo, mama amelitunza, lakini hawezi kulitoa bila wewe.

Wifi yangu Lea, mama Dorkas, hasemi kitu. Lakini wiki iliyopita tulipokuwa tunapepeta alisema, bila kuniangalia: "Pasaka ya mwakani ikipita mtoto hana jina, nitambeba niende kwetu Iguguno. Kule atapewa jina na baba yangu, na ataitwa mtoto wa kule." Kisha akaendelea kupepeta.

Wewe ni mdogo wangu, nitakuuliza wazi. Una mwanamke huko? Kama unaye, sema, tujue tunasubiri nini.

Dada yako,
Elina

Korogwe
2 Juni 1974

Dada, shikamoo. Mimi mzima.

Sina mwanamke. Muulize Damiani kama unamwamini Mnyaturu.

Jina sina. Asinisubiri mtu. Tafadhali usiniulize tena jambo hilo.

Nafurahi mbuzi amezaa.

Naftali

Kinampanda
25 Agosti 1974

Naftali mdogo wangu,

Barua yako fupi nilikaa nayo, sasa ninayo mengi ya kukuandikia.

Kwanza, nyumba unayoikumbuka haipo. Tumehamia kijiji kipya, chini, kando ya barabara. Malori yalipanga foleni, kila nyumba siku yake. Tuliambiwa tung'oe miti ya paa tuje nayo. Mama alikaa juu ya jiwe lake la kusagia akasema hatoki bila hilo jiwe, ikabidi vijana wanne walipandishe naye akiwa pembeni analinda. Sasa tuko kwenye mstari, nyumba za nyasi, jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani. Maji yako karibu, hilo siwezi kukataa. Na kuna zahanati, na Jumatano kliniki ya mama na mtoto. Jioni wifi na akina mama wanakwenda kisomo cha watu wazima. Anaandika herufi kubwa kama mikungu ya ndizi.

Pili, nimepata kazi. Usicheke. Amekuja nesi mmoja mtafiti, anaitwa Theresia, pamoja na wenzake kutoka Dar es Salaam. Wanataka kujua wanawake wa vijijini wanaelewa nini kuhusu siku zao za mwezi, kuhusu mimba na namna ya kupishanisha watoto. Walitafuta mwanamke anayejua kusoma na anayejua Kinyiramba, nikaonekana mimi. Natembea nyumba kwa nyumba na daftari la maswali.

Ninaandika haya nimefunga mlango, maana dada hamwandikii kaka mambo ya siku za wanawake. Lakini hii ndiyo kazi yangu sasa, na wewe uliwahi kuniona nikiwa natambaa kwa malaria, basi hakuna aibu iliyobaki.

Siku ya kwanza nilifika kwa bibi Dorika, unamjua ulimi wake. Nikamuuliza alianza siku zake akiwa na umri gani, akasema: "Elina, wewe huna mume, siku zangu unazitakia nini? Unataka kuzipika?" Wajukuu zake walianguka kwa kicheko. Lakini aliponiona nimefunga daftari nataka kuondoka, akaniambia, "Kaa, mbona una haraka? Hakuna aliyewahi kuniuliza." Nilitoka kwake jua limepanda.

Binti yako Dorkas naye amekuwa. Kila mwezi anakosa shule siku tatu, nne, na mwalimu alimwandika mvivu. Hakuwa mvivu, hakuwa na kitambaa cha kubadili. Nimemkatia shuka langu la zamani. Yule aliyekuwa anabeba karanga kwenye kofia yako, Naftali. Amekuwa.

Kazi hii ina sheria mbili. Ya kwanza, aliyokujibu mtu huyapeleki nyumba nyingine, tumeapa. Ya pili ni ngumu zaidi: mtu akikujibu kosa, usimsahihishe. Andika alivyosema, nyamaza. Nesi Theresia anasema tukimsahihisha wa kwanza, wa kumi atajibu tulichofundisha sisi, na hatutajua kamwe watu walikuwa wanaamini nini. Maswali yakikamilika vijiji vyote, ndipo tutarudi kufundisha.

Nilifika na kwa wifi yangu. Alijibu yote. Aliyonijibu siwezi kukuandikia. Nitakuandikia tu nilichokiona kwa macho: alipomaliza, aliinuka akaenda kwenye lundo la miti ya paa letu la zamani, akapekua, akachomoa kitu akakifunga kwenye upindo wa khanga. Nilipomuuliza ni nini akasema, "Hilo halimo kwenye daftari lako."

Dada yako,
Elina

Korogwe
13 Oktoba 1974

Dada Elina, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilipofika pale paa linapong'olewa niliiweka chini nikaenda kuoga. Nyumba ile mimi na baba tuliikandika. Nilikuwa nachota maji yeye anakanyaga udongo, miguu yake imejaa makovu ya mkonge, na wewe ulikuwa unatuimbia nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya. Unakumbuka alivyokuwa anarudi kutoka huku Tanga? Tulimwona kwanza lile blanketi lake jekundu, kipande chekundu mbali kabisa kwenye njia, tunashindana kukimbia, na wa mwisho kufika alikuwa analia. Nilidhani mkonge ni mahali pazuri kwa sababu kila akitoka huko alikuwa anacheka. Sasa najua alikuwa anacheka kwa sababu ametoka.

Damiani ananiambia, "Wewe Mnyiramba umekaa hapa kama uliyepandwa. Mkonge wenyewe unakatwa ukaondoka." Watu wote wa chumba wakacheka, na mimi nikacheka, lakini neno lilinichoma.

Dada, umeniandikia ya wanawake bila aibu. Nami nitakuandikia ya mwanamume. Ukimaliza kusoma uichome.

Unakumbuka alivyozaliwa Hana. Tulimbeba mama Dorkas kwenye kitanda cha kamba hadi Kiomboi, tukipokezana wanne wanne, damu inadondoka njiani, na kuku wa watu wanatufuata. Hospitali walimwokoa. Lakini daktari aliniita pembeni akasema mimba nyingine itamweka huyu kaburini. Hakuniambia nifanye nini, nami sikujua kama kuna la kuuliza. Nikafanya kama baba, nikaja mkonge.

Likizo ya mwaka 1971 nilipokuja, nilimwambia mama. Nani mwingine? Mama akanipa hesabu yake. Alisema chukueni kamba, mfunge fundo moja kila asubuhi kuanzia siku anapoingia mwezini. Damu inapokatika, mlango wa tumbo uko wazi, msikaribiane. Mpaka fundo la kumi. Baada ya fundo la kumi mlango umefungwa, ni salama mpaka mwezi mwingine. Alisema yeye aliishi kwa kamba hiyo ndiyo maana tumepishana miaka mitatu mitatu.

Nilikuwa na kamba ya katani niliyoileta mwenyewe. Nilifika tarehe 20 Agosti, mama Dorkas ameanza siku zake asubuhi hiyo hiyo. Tukaanza kuhesabu wote wawili. Fundo nilikuwa nafunga mimi, fundo la mkonge. Nililala upande wangu wa chumba siku kumi na moja nikiwa nimetoka mwaka mzima bila mke. Hakuna siku mbaya hata moja niliyomgusa, dada, hata moja. Siku tulizokuwa pamoja niliingiza kwenye fundo uzi mwekundu nilioutoa kwenye blanketi la baba, ili tukumbuke. Tuliitundika kamba kwenye mti wa paa, juu ya kitanda. Tarehe 12 Septemba nikaondoka nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, kwa kuwa nilidhani tumepata dawa, na kwamba sasa ninaweza kurudi nyumbani nikae.

Kabla ya Krismasi ukaniandikia kuwa ana mimba.

Watu wa Kinampanda wakihesabu miezi wanaona sawa, nilikuwepo. Wao hawajui kamba. Mimi najua. Siku zile mlango ulikuwa umefungwa. Basi mimba iliingia siku ambazo mimi sikuwepo. Kwa nani, sijui na sitaki kujua. Sikutaka kumwaibisha, ndiyo maana nikanyamaza. Lakini jina la baba siwezi kulitoa nikaliweka pale.

Nimesema.

Naftali

Kinampanda
10 Novemba 1974

Naftali,

Barua nimeipata leo. Nimeisoma nimesimama.

Usiandike kwa mtu mwingine. Usimwandikie mwinjilisti, usiandike kwa wazazi wake Lea. Kuna jambo nalijua ambalo siwezi kukuambia sasa. Bado vijiji viwili havijaulizwa, na mimi nimeapa. Nivumilie mpaka maswali yaishe.

Sikuichoma. Nimeificha.

Elina

Kinampanda
26 Januari 1975

Mdogo wangu Naftali,

Mvua mwaka huu imekumbuka. Mtama umenifika kiunoni, na kutoka kijiji kipya bado harufu ya Wembere inafika, nimekuangalizia. Mama anakusalimu. Dorkas amekuwa wa tatu darasani tangu alipoacha kukosa siku zake nne.

Maswali yameisha Jumatano. Nimefunguliwa mdomo, na wewe ndiwe wa kwanza kuandikiwa.

Kwenye daftari lile kuna swali: ni siku zipi za mwezi mwanamke hushika mimba kwa urahisi zaidi? Nilipokuwa nafundishwa kazi nesi Theresia alituuliza sisi wenyewe kwanza. Nikajibu kwa kujiamini, maana na mimi ni mtoto wa mama yetu: mara tu damu inapokatika. Hakucheka. Akaandika. Nimeuliza nyumba sitini na mbili. Hamsini na moja wamejibu kama mimi. Tisa walisema siku zote ni sawa. Wawili walisema hawajui. Aliyesema katikati ya mwezi hakuwepo hata mmoja.

Na ni katikati, Naftali.

Alitueleza kwa mchoro ubaoni. Yai la mwanamke hukomaa kama wiki mbili kabla ya kuona siku zake nyingine. Kwa mwanamke ambaye mwezi wake ni siku ishirini na nane, hiyo ni kama siku ya kumi na nne tangu aanze. Na mbegu ya mwanamume hukaa hai tumboni siku kadhaa ikingoja. Kwa hiyo ule mlango wa mama umefunguliwa wakati yeye anasema umefungwa. Tena miezi ya wanawake hailingani, hata anayehesabu vizuri anaweza kukosea. Nilikaa pale mwezi wa saba nikaona ni elimu tu. Sikujua kuwa ni nyumba yetu. Barua yako ilipofika Novemba nilitaka kupiga kelele, nikaenda kwa nesi nikamwambia nina mtu wangu anaumia kwa kosa hili. Akaniuliza, "Atakufa kabla ya Januari?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwandikie angoje." Nilimkasirikia. Bado namkasirikia kidogo.

Jana nilikaa na mama. Nikamweleza polepole kwa Kinyiramba. Alibisha sana. "Nimezaa watoto wanne, mmepishana kama ngazi, halafu kitoto cha juzi kinifundishe kamba?" Nikamwambia, mama, tuhesabu. Wakati wa kuninyonyesha mimi, baba alikuwa wapi? Akasema mkonge. Wakati wa Naftali? Mkonge. Wakati wa waliotutangulia kwa Mungu, wale wawili? Mkonge. Akalishika jiwe lake la kusagia. Kisha akasema: "Kumbe nilikuwa nafunga mafundo na mtu hayupo." Akacheka mpaka akalia, na sikuweza kujua kicheko kiliishia wapi.

Ndiyo hivyo. Kamba haikufanya kazi hata siku moja katika nyumba yetu. Ilikuwa ni Tanga inayofanya kazi, kamba ikachukua sifa. Mama anakuomba umsamehe. Mimi nadhani wa kuombwa msamaha ni mwingine.

Wifi sikumwambia uliyoandika. Nilimweleza tu kama ninavyowaeleza wanawake wote sasa, ubaoni. Lakini Lea si mjinga. Alitazama mchoro, akanitazama mimi, akaenda nyumbani akarudi na kile alichokuwa amekifunga kwenye khanga. Akasema, "Kitie kwenye bahasha yake." Karatasi iliyozungushiwa ni mwandiko wake mwenyewe, sikumsaidia hata herufi.

Jambo la mwisho. Alipozaliwa huyu mtoto damu ilimtoka tena, siyo kama mara ile, lakini ilimtoka. Hatukukuandikia. Wewe una ya kunyamazia na sisi tunayo. Nesi wa kliniki amempima, amemwonyesha vidonge na kitanzi, akamweleza kila kimoja kinavyofanya, kizuri chake na usumbufu wake. Amechagua vidonge. Lakini utaratibu wao unataka karatasi yenye idhini ya mume. Mwili ni wake, karatasi inataka jina lako. Sikuutunga mimi.

Pasaka ni tarehe 30 Machi.

Elina

Korogwe
23 Februari 1975

Dada yangu Elina, shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie sina neno naye. Alinipa alichokuwa nacho.

Bahasha niliifungulia kivulini, tukiwa tunangoja vitoroli. Kamba ilianguka mapajani nikaijua kabla sijaiokota. Mafundo ni yangu, hakuna mwingine kule kwetu anayefunga hivyo, ni fundo la kufungia majani thelathini. Katani imegeuka rangi kwa moshi wa nyumba yetu. Nilinusa. Dada, ulikuwepo moshi wa tembe, ulikuwepo mlenda, mlikuwemo nyote mle ndani.

Nikahesabu kuanzia mwanzo. Uzi mwekundu wa kwanza uko fundo la kumi na mbili. Halafu la kumi na nne. Halafu la kumi na tano. Nikahesabu tena nikidhani nimeruka. Damiani akaniuliza, "Unahesabu nini hapo?" Nikamwambia nahesabu ujinga wangu. Akaitazama akasema, "Basi kamba hiyo fupi." Sikucheka. Alipoona uso wangu alichukua panga langu akaenda kunimalizia mafungu yangu bila kusema kitu kingine, na huyo ni mtu asiyenyamaza hata akila.

Halafu nikafungua karatasi. Maneno matatu, herufi zimelala kila upande. TULIHESABU WOTE WAWILI.

Miaka mitatu na miezi mitano nilikuwa na hesabu yangu peke yangu. Yeye alikuwa na kamba ile ile, juu ya kichwa chake, kila akiamka anaiona, na anajua hakuna mtu mwingine aliyepita pale, na hajui kwa nini mimi sisemi. Alidhani nini juu yangu? Usinijibu. Nitamuuliza mwenyewe, na akikataa kunijibu atakuwa na haki.

Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nilijifunza kujumlisha, nikadhani kila kinachohesabika ni kweli. Nesi wako alikuwa sahihi kukunyamazisha, na wewe ulikuwa sahihi kumkasirikia. Kama angekuja mwaka 1971 na ubao wake, mtoto angekuwa na jina siku ya nane tangu azaliwe.

Kwa hiyo pokea haya. Karatasi ya kliniki iko humu, nimeiandika kwa mkono wangu na mnyapara ameshuhudia. Alisoma akaguna, nikamwambia agune lakini atie sahihi. Nimeandika: "Mimi Naftali nakubali mke wangu Lea atumie dawa aliyoichagua." Nilitaka kuandika namruhusu, kalamu ikakataa, kwa sababu ni nani amemruhusu nani hapa.

Kitambaa cha pamba nyeupe nitamletea Dorkas. Mwambie ni zawadi ya kuwa wa tatu, hakuna haja ya kusema zaidi, sisi wawili tutaona aibu.

Baba alipishanisha watoto kwa safari. Alikuwa anarudi na blanketi jekundu tunamkimbilia, na nilidhani ile ndiyo furaha. Lakini sasa najiuliza, mama alikuwa anakumbuka sura yake akiwa kijana, au alikuwa anakumbuka blanketi? Mimi nimechoka kupanga uzazi kwa safari. Nimeomba kuacha kazi, na hapa sirudi. Nitalima huko kwenye mstari wenu wa nyumba za nyasi, jirani akipiga chafya nimwambie pole.

Jina ni la baba, Mathayo. Mama alitoe, nimelifungua. Lakini kwanza mwambie Lea, akiwa peke yake, kabla mtu mwingine hajalisikia. Akisema siyo hilo, basi siyo hilo, tutatafuta lingine pamoja.

Nitapanda treni hapa Korogwe tarehe 25 Machi, nibadilishe Ruvu, nishuke Manyoni, halafu basi hadi Singida na lori litakalopatikana. Nyumba mpya siijui na sitaki kuuliza njia kwa watu kama mgeni. Dorkas na Hana wanisubiri kando ya barabara na mdogo wao, wanionyeshe kwetu ni wapi. Nitafika Jumamosi, tarehe 29 Machi, kesho yake ni Pasaka.

Naftali